Nilivyompisha Mkwe kwa Gari

Jumamosi, tarehe 11 mwezi wa saba. Ukungu tangu alfajiri, mzito, mpaka saa nne mtu humjui mpaka akusalimie. Baadaye upepo wa baridi na vumbi. Mvua hakuna.

Leo nimesimama mbele ya wenzangu wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, hapa Kitangari. Mwenyekiti aliniomba tangu kikao kilichopita nitoe ushuhuda wangu wa leseni, nikakataa, kisha nikakubali, kisha nikajuta kukubali. Jioni hii nayaandika kama nilivyoyasema, kadiri ninavyokumbuka. Nikiyaacha mpaka kesho najua nitajipunguzia makosa. Nilisema hivi.

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu, habari za asubuhi. Mimi si msemaji. Niliishia darasa la saba, na hilo darasa la saba lenyewe nililimaliza kwa huruma ya mwalimu, kwa hiyo mtanivumilia nikirukaruka. Majina sitayataja. Wengine wamo humu ndani wananitazama, na wana haki ya kulisimulia jambo hili kwa namna yao, pengine tofauti na yangu.

Nianze na sababu, maana kuna waliosema nilitafuta leseni ili nionekane. Ndugu zangu, siwezi kuwaapia kwamba hamu ya kuonekana haikuwemo hata kidogo. Mtu hajijui yote. Lakini sababu ninayoijua ni mume wangu.

Mnajua alivyokuwa. Mtu wa gari. Ile pikapu yetu ya zamani imebeba korosho zenu, imebeba maji, imebeba wagonjwa na maiti, imebeba na maharusi. Mimi mwenyewe katika miaka yote ile sikuwahi kushika usukani. Nikisogea kiti cha dereva ananiambia, "Toka hapo, gari halitaki kanga." Alisema kwa utani, na mimi nilicheka. Sikuona kama nimeonewa. Sasa hivi mtu anaweza kusema nilionewa, lakini wakati ule sikuona, na sitaki kumsingizia.

Halafu kiharusi kikampiga. Upande wa kulia wote ukalala, na mdomo ukaenda pembeni, maneno yakawa yanatoka nusu. Hospitali ya kule chini, upande wa Masasi, wakasema aende mazoezi ya viungo kila wiki, asikose, kwa sababu mkono ukiachwa unakauka. Walisema "usikose" mbele yangu, mimi ndiye niliyeambiwa.

Sasa gari lipo uani, dereva hakuna. Tulimpata kijana mmoja akawa anatupeleka, kijana mwema kabisa, lakini msimu wa korosho ulipofika akapata kazi kwenye lori, akaenda. Ningekuwa yeye ningeenda vilevile. Mwanangu wa kiume yuko mbali na maisha yake. Tukaanza bodaboda. Dereva mbele, mgonjwa katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, mishikaki ile wanayosema vijana. Tukishuka mteremko namsikia anavyotetemeka. Siku moja kwenye kona aliteleza upande wake uliolala, akaniponyoka, akaanguka kwenye changarawe. Hakuvunjika. Lakini tulipofika nyumbani akaniambia kwa ule mdomo wake, "Si-endi te-na."

Hakwenda wiki hiyo, wala iliyofuata. Na mimi nikawa nautazama ule mkono unavyojikunja kama jani la mgomba lililopata moto. Ndipo nikasema nitajifunza mimi.

(Hapa akina mama wa mbele walipiga vigelegele. Niliwaambia wasubiri.)

Msinipigie vigelegele, dada zangu, bado sijafika kwenye aibu yangu.

Nilikwenda Newala mjini kwenye chuo cha udereva. Mwalimu wangu alikuwa kijana wa umri wa kitinda mimba wangu. Darasani tulikuwa vijana na mimi. Siku ya kwanza mmoja akaniamkia akanipisha kiti, akafikiri nimekuja kumlipia mtoto ada. Alama za barabarani nilizishika, hizo nilizisoma jikoni nikikoroga uji. Shida ilikuwa miguu. Miguu yangu ni ya kutembea, haikujua kufanya kazi tofauti mmoja na mwingine. Mwalimu ananiambia, "Mama, klachi iachie polepole, unaiachia kama umekanyaga nyoka!" Naiachia polepole, gari linaruka kama mbuzi. "Mama, usukani huo si mpini wa jembe, utaung'oa!" Vijana wanacheka. Na mimi nacheka, halafu nikifika nyumbani nalia nikiwa bafuni, mume wangu asinisikie.

Yeye hakupenda. Nikiondoka asubuhi anageukia ukuta. Nilidhani ni ule wivu wa mwenye kazi yake. Baadaye nilimwelewa vingine, lakini wakati ule nilimkasirikia na nilimjibu vibaya, na kumjibu vibaya mtu asiyeweza kukujibu si jambo la kujivunia.

Basi, polepole nikaweza. Kuondokea mlimani nikaweza. Kurudi nyuma katikati ya vigingi nikaweza, kwa shida. Mwalimu akasema, "Mama, sasa upo tayari." Mimi nilijiona sipo, lakini nikasema yeye ndiye anayejua. Na kweli kwa yale aliyoyajua yeye, nilikuwa tayari. Kulikuwa na jambo ambalo hakuliona kwa sababu halikutokea siku za mazoezi, na mimi sikulisema kwa sababu sikujua kama ni jambo.

Jambo lenyewe ni hili. Wengi wenu hapa mnalijua, ila vijana na wageni niwaeleze. Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakutani uso kwa uso. Si nyumba zote zinashika siku hizi, na asiyeshika simsemi. Nyumbani kwetu tulishika. Mama yangu alishika kwa mume wangu mpaka anaingia kaburini. Ukiwa njiani, ukamwona mkwe anakuja, unaacha njia. Unaingia porini kidogo, unageuka, unajifunika kanga mpaka apite. Na yeye akikuona wa kwanza, anaacha njia yeye. Si uadui. Ni heshima kubwa kuliko zote nilizofundishwa. Mkwe wangu mimi ni fundi seremala, kajenga hapo hapo kwetu kama desturi yetu ilivyo, mwanamume anakuja kwa mke. Kwa hiyo tangu binti yangu aolewe nimeacha njia sijui mara ngapi. Mguu wangu unamwona kabla ya jicho. Kama ni kisimani, kama ni shambani, nimeshaingia majanini ndipo nakumbuka kwa nini.

Siku ya mtihani wa barabarani nikafika mapema. Trafiki aliyenipima alikuwa mtu wa bara huko, mpole, hakutujia juu. Vigingi nikapita. Akaniambia twende barabara ya Mkunya. Tukaenda, tukageuza, tukawa tunarudi mjini. Mwendo mzuri, gia ya tatu. Nakumbuka niliwaza, Mungu wangu, nimeshinda.

Mbele yangu, pembeni mwa barabara upande wangu, kuna mtu anakuja anasukuma baiskeli iliyofungwa viti. Nikamwona tu kama mtu na baiskeli. Tulipokaribiana nikaona ni mkwe.

Ndugu zangu, nawaambia kweli, mimi sikukata shauri lolote. Mikono iliacha njia. Ilizungusha usukani kushoto kama mguu unavyozunguka, tukatoka barabarani tukaingia kwenye mihogo ya watu. Trafiki anapiga kelele, "Mama! Mama, unakwenda wapi? Barabara iko huku!" Akavuta breki ya mkono. Lakini mkwe naye alikuwa ameinua macho akaniona. Naye akafanya anavyofanya siku zote. Akaacha njia. Akaingia kwenye mihogo ile ile, upande ule ule, na baiskeli yake.

Nilisikia viti vikivunjika.

Nikashuka. Baiskeli iko chini ya gari, yeye yuko pembeni kwenye matuta, kiganja kimelala vibaya. Na sasa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hili sijalisema mbele za watu. Mimi sikumkimbilia. Nilikwenda nyuma ya gari nikageuka, nikajifunika kanga. Mtu nimemgonga mwenyewe, analia maumivu, mimi nimempa mgongo kwa heshima.

Trafiki ananiita, "Mama, njoo umshike mwenzako!"

"Siwezi, afande. Ni mkwe wangu."

"Ni nani?"

"Mkwe. Kamuoa binti yangu."

"Ndiyo umemfuata mpaka kwenye mihogo?"

Mkwe naye kule chini kajifunika uso kwa mkono mzima, anasema, "Afande, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeacha njia."

"Hapana, afande," nasema nyuma ya gari, "mimi ndiye niliyeacha."

Yule trafiki akasimama katikati yetu. Akasema, "Yaani nyinyi hamtakiwi kukutana, kwa hiyo wote wawili mmeacha barabara pana mkaja kukutana huku?"

(Watu walicheka sana hapa. Mimi pia nilicheka kidogo. Kisha nikaona binti yangu, aliyekaa karibu na dirisha, hacheki, nikaacha kucheka, nikaendelea.)

Chekeni tu, inachekesha. Lakini kifundo cha mkono kilivunjika, mkono wa kulia, mkono wa randa na msumeno. Trafiki alimpeleka hospitali yeye mwenyewe. Kabla ya kuondoka alinigeukia, hakunigombeza, akasema, "Mama, barabarani hakuna mkwe. Kuna gari, kuna baiskeli, kuna mtembea kwa miguu. Kama huwezi hilo, usirudi." Alisema haki. Nimejaribu kumtafutia kosa nikakosa. Mambo ya polisi yalichukua siku zake, mkwe akasema hana shauri na mimi, yakaisha.

Kwangu mimi hayakuisha. Nyumba yetu ilikuwa na mwanamume mmoja asiye na mkono, sasa ina wawili. Binti yangu alikuja jioni ile hata hodi hakupiga. Akaniambia, "Mama, ulikuwa unatafuta leseni au unaniulia mume?" Nikamwambia, "Mwanangu, nilimpisha." Akasema, "Ulimpisha kwa gari?" Akatoka. Hakurudi siku nyingi. Alikuwa na haki. Seremala asiye na mkono anakula nini, na watoto wake?

Mtaani nikawa wimbo. Jirani yangu mmoja ananipita kisimani anasema, "Mama Rehema, ukitoka na gari utuambie tuwafungie wakwe zetu ndani." Wengine walisema ni mizimu, nimepewa onyo kwa sababu mwanamke mzima kaacha nyumba kwenda kukaa na wavulana darasani. Sikuwachukia. Hata mimi usiku niliwaza hivyo hivyo.

Kibao cha L nilikitupa juu ya kabati. Mume wangu alisikia habari yote. Akasema neno moja tu, "U-za." Yaani gari. Nikamwambia, "Nikiuza utakwendaje mazoezi?" Akageukia ukuta. Vidole vyake wakati ule vilikuwa vimeshaingia kwenye kiganja, nikimkata kucha nalazimika kuvifungua kimoja kimoja, na yeye anauma meno.

Kanisani nilikwenda, lakini nilikuwa nakaa nyuma natoka kabla ya wimbo wa mwisho. Kikundi hiki mnajua nilikosa vikao. Kusali nilisali, ila sikujua niombe nini. Nikiomba niweze kuendesha, naona kama naomba kumdharau mkwe. Nikiomba niache, naona ule mkono.

Sasa nifike pale mambo yalipogeuka. Hayakugeuzwa na mimi.

Kaka yangu mkubwa, mjomba wa watoto wangu, anakaa Lupaso. Alikuja bila kuitwa na mimi. Nikafikiri amekuja kunihukumu, maana kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Akakaa uani, akasema, "Dada, nimeitwa na mkweo."

Nikasema moyoni, basi, anaondoka, anamwacha binti yangu.

Mkwe akaitwa. Akakaa nyuma ya ukuta wa jiko, mimi upande huu, kaka yangu kwenye kona anatuona wote wawili. Mkwe akasema, naye alisema polepole, "Mjomba, mwambie mama arudi kwenye gari. Baba anaharibika. Mimi namwona kila siku, mama anafikiri simwoni. Na mwambie sababu iliyomwangusha ni mimi, basi mimi ndiye nitakayeiondoa. Nitakuwa natembea barabarani mbele ya gari, nakuja, napita, nakuja, napita, mpaka azoee."

Nikamwambia kaka, "Mwambie ana mkono mmoja."

"Mwambie mama sitembei kwa mkono," akasema mkwe.

Kaka yangu akacheka, akajifuta macho. Halafu akawa mkali. Akasema, "Heshima hii tulipewa na wazee wetu ili msivunjiane. Wazee hawakuwa na gari. Sasa imewavunja. Mimi kama mjomba naifungua kwa ajili ya barabara. Nyumbani mtajijua wenyewe." Akaagiza maji kwenye kikombe. Nikanywa, akakipitisha nyuma ya ukuta, mkwe akanywa. Basi, hayo tu. Wapo wazee hapa kijijini waliosema kaka yangu hana mamlaka ya kufanya vile peke yake, kwamba ilipasa kuita na upande wa kiumeni. Huenda ni kweli. Sijui. Nayasema ili msije mkafikiri wote walikubali.

Nikarudi kwa mwalimu wangu. Safari hii nikamwambia mapema kila kitu. Yule kijana akashika kichwa. "Mama, kwa nini hukuniambia? Ningekufundisha mkwe kama nilivyokufundisha kona!" Akakubali kutufundishia kwenye barabara ya zamani iliyo katikati ya mikorosho, isiyo na watu.

Mkwe akasimama mwisho kule, mkono umefungwa shingoni. Mwalimu kando yangu. "Haya, mama, nyoosha usukani, gia ya kwanza, kama mtu anayekwenda sokoni."

Mara ya kwanza nilimwona akianza kutembea, nikakanyaga breki, nikaachia usukani, nikavuta kanga mpaka puani. Mwalimu akasema, "Na gari linaendeshwa na nani, na Roho Mtakatifu?"

Mara nyingine nikafumba macho. Mara nyingine mkwe mwenyewe ndiye aliyeshindwa, akaruka nyuma ya mkorosho, mwalimu akamfokea, "Bwana fundi, na wewe una mtihani?" Akatoka nyuma ya mti anatazama chini, anasema, "Samahani, mwalimu. Mguu umekwenda wenyewe." Hapo nilimhurumia. Nilijua mguu huo, kwa sababu na mimi ninao.

Zoezi hili lilituchukua muda mrefu, zaidi ya klachi, zaidi ya vigingi. Nilikuwa narudi nyumbani nimeloa jasho na baridi yote hii ya juu huku. Siku nyingine nilimwambia mwalimu naacha. Mkwe alikuwa haulizi, kesho yake namkuta amesimama pale pale.

Mpaka siku moja anakuja, nami nakwenda. Nikasema mkono usiende, mkono usiende. Haukwenda. Alipofika usawa wa dirisha hakugeuka. Alinitazama. Miaka yote ile sikuwa najua macho yake yakoje. Ni macho ya kahawia, mepesi, kama ya wajukuu zangu. Akasema kwa sauti, "Shikamoo, mama."

Nikasema, "Marahaba, baba," na mikono yote miwili iko kwenye usukani.

Nikaenda mbele nikasimamisha gari, nikalia pale, na mwalimu akashuka akajifanya anatazama tairi. Sikulia kwa furaha peke yake. Kuna kitu nilikitunza tangu siku ya harusi ya binti yangu, nikakiona kinapita dirishani kinakwenda. Mama yangu alizikwa nacho. Hilo nalo liingie kwenye ushuhuda.

Mtihani wa pili alinipima trafiki yule yule. Nikafikiri nimekwisha. Aliponiona alisema, "Leo wakwe wako wangapi njiani?" Nikamwambia, "Wawepo hata kumi, afande, watanikuta upande wangu." Kwenye mlima gari lilirudi nyuma kidogo kabla sijaliwahi, akaandika. Nilipopita nilimuuliza kama amenionea huruma. Akasema, "Mama, mimi napanda magari ya watu huku. Huruma sina." Nimeamua kumwamini, ingawa siku nyingine nashuka ule mteremko najiuliza.

Maana nashuka, ndugu zangu. Kila wiki. Mara ya kwanza mume wangu alikaa kando yangu anatazama mbele, taya limekaza, na mimi nikiwaza ana hasira ya kubebwa na kanga. Tulipofika juu ya mteremko, pale unapoona Masasi yote chini na milima yake ya mawe, akaanza kupigapiga goti lake kwa mkono wa kushoto. "Gi-a," akasema. "Gia. Mbili." Nikashusha gia ya pili. Gari likatulia. Akaniambia, kwa maneno aliyoyatoa moja moja mpaka tukafika bondeni, kwamba pale ndipo alipomwona mwenzake akitumbukia na lori siku za ujana wao, breki zimekufa, na kwamba tangu nianze kujifunza alikuwa ananiona mimi kwenye lori lile kila akifumba macho. Mimi nilisema ni wivu. Kumbe mtu alikuwa ananiogopea na hana mdomo wa kusema.

Sijaja kuwaambia kwamba yote yamepona. Vidole vya mume wangu vimefunguka viwili, vingine hospitali wanasema tumechelewa. Kuchelewa kule ni kwa miezi ile ambayo mimi nilikuwa nimejifungia ndani na aibu yangu. Kifundo cha mkwe kimeunga, kimeunga na kupinda, randa anaisukuma kwa kiwiko. Kazi nzito anampa mwenzake. Leseni yangu ni ndogo, inaingia kwenye pochi, lakini mimi najua imetoka kwenye mwili wa nani.

Basi namshukuru mwalimu wangu, ambaye hakuniambia nimezeeka hata siku nilipostahili kuambiwa. Namshukuru kaka yangu, hata kama alikosea utaratibu. Namshukuru binti yangu kwa hasira yake, kwa sababu ilikuwa ya haki, na kwa kuirudisha miguu yake nyumbani kwangu. Nawashukuru nyinyi mliomchotea maji mume wangu siku ambazo mimi niko mjini. Jirani yangu wa kisimani, na wewe nakushukuru, maana hata ukinicheka ulikuwa unanitwisha ndoo. Na mkwe wangu namshukuru hapa mbele ya watu, ingawa najua amekaa nje ya mlango na hapendi kusikia.

Na kama kuna la kujifunza, si kubwa. Mnaoanza jambo jipya ukubwani, mimi nawaambia, hamwendi watupu kama watoto. Mwili wako umeshafundishwa mambo mengi na wazazi wako, mambo mazuri, na hautakuuliza wakati wa kuyafanya. Mwambie anayekufundisha. Mwambie hata lile unaloona halihusiani na somo. Mimi nilinyamaza kwa sababu niliona ni letu, la nyumbani, mwalimu wa mjini atacheka. Angecheka, na mkono wa mtu ungekuwa mzima.

Asanteni. Nakaa.

Hayo ndiyo niliyosema. Walipiga makofi marefu kuliko nilivyostahili. Mwenyekiti akasema nimewatia moyo. Sijui kama ndicho nilichofanya. Mzee mmoja alinipita nje bila kunisalimia, na mimi nikamsalimia, akaitika.

Jioni tumekula ugali wa muhogo na mbaazi za nazi. Binti na mkwe walikuja. Mkwe alikaa ndani nasi kwa mara ya kwanza, karibu na mlango, amenipa ubavu, na mimi nimempa ubavu. Alimega tonge mbili tatu kwa mkono ule uliopinda, akasema ameshiba, kama mkwe anavyopaswa kusema ukweni. Walipoondoka nilimpakulia binti bakuli lililojaa, akaenda nalo. Nimeambiwa limemalizwa lote.